Bomba la Shaba la Bi Tangi

Bi Tangi alikuwa na tabia ya kugonga. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajakaa, alipita nyuma akaligonga tangi la maji kwa kifundo cha kidole cha kati, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua. "Hili limefika nusu," alikuwa akisema. Au, "Hili lina tope chini, lioshwe." Wenyeji walikwisha kumzoea. Watoto walimwiga. Mgeni mwenye kitambi akija, walimgonga tumbo, wakasema kwa sauti nzito, "Huyu amejaa," kisha wakatimua mbio.

Mungu amempumzisha sasa. Sisi aliotuacha bado tunageuka mtu akigonga mlango kwa kifundo kimoja. Lakini aliyemjua hawezi kusimulia habari zake akiwa amekunja uso, maana yeye mwenyewe hakuweza. Na habari aliyotaka isimuliwe kuliko zote ni ya bomba la shaba. Hata miguu ilipomsumbua uzeeni, hiyo aliisimulia akiwa amesimama.

Aliolewa akiwa kidato cha pili, na fundi wa matangi. Alipenda kusema kwamba neno la kwanza la mapenzi aliloambiwa katika ndoa yake lilikuwa "Shika hapo." Mume alikuwa na bati refu la zinki uani, upepo unavuma, na hapakuwa na wa kushika upande wa pili. Akashika. Akaendelea kushika miaka yote ya ndoa, na kwa kushika akajifunza kukata kwa mkasi wa bati bila kuacha meno, kukunja ukingo mpaka umezwe na ukingo mwenzake, kupiga ribiti za kuungia bati kwa mstari, na kulehemu mshono ukang'aa kama umelambwa. Mumewe hakuwa mtu wa maneno. Kazi ikiwa mbaya alinyamaza. Ikiwa nzuri alisema, "Haya." Mwanamke alilifanyia kazi hilo "Haya" kama wengine wanavyofanyia kazi mshahara.

Fundi alipofariki, watu walidhani mjane atauza karakana. Ng'ambo ya barabara alikuwepo muuza matangi ya plastiki, ambaye mtaa mzima ulimwita Plastiki na mwenyewe akaitika. Alikuja kutoa pole, akakaa, akanywa maji, kisha akasema kwa upole:

"Shemeji, chuma ni kazi ya kiume. Ukichoka na hili eneo, niambie mimi kwanza."

"Nitakuambia," akajibu mjane. "Siku utakapoweza kunyanyua tangi langu peke yako."

Wiki iliyofuata mlango wa karakana ulifunguliwa na nyundo ikasikika. Ndipo jina la Bi Tangi lilipoanza, kwanza kwa kejeli, baadaye kwa heshima, mpaka hata kwenye ibada matangazo yakisomwa akawa anaitwa hivyo na hakuna aliyecheka.

Nyumbani alibaki na mama mkwe wake, kikongwe mwenye meno machache na maneno mengi. Walipendana kwa kugombana. Kikongwe alikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto huyo ndiye aliyezikwa. Kila kitu chake kilikuwa kitakatifu machoni pake: nyundo, kofia, hata kijiko chake cha chai.

Na bomba. Chini ya kitanda cha marehemu kulikuwa na mabomba ya shaba, marefu, mekundu, yaliyofungwa kwa gunia. Aliyapata katika kazi ya kubomoa nyumba moja kubwa, akayaficha. Mara mojamoja aliyatoa akayasugua, akasema, "Shaba haiozi. Hii nitaifanyia kazi ya heshima." Kifo kikatangulia.

Basi Matroni wa kliniki ya wazazi alipokuja kuagiza tangi kubwa la kukaa juu ya mnara, Bi Tangi aliona kazi ya heshima imefika. Alilitengeneza tangi kwa bati zito la zinki. Kisha akainama mvunguni, akavuta gunia, akayaunga mabomba yote yakawa bomba moja, akalitandaza kutoka kwenye pampu ya kisima, likavuka ua, likapanda mnara, likamimina maji juu ya tangi. Kliniki haikutozwa chochote kwa bomba lile. Siku ya kufungua maji alimleta mama mkwe. Kikongwe alilipapasa bomba, akalifuta kwa upindo wa nguo yake.

"Kila mtoto atakayezaliwa hapa," akasema, "ataogeshwa kwa maji yaliyopita mkononi mwa mwanangu."

Hakuna aliyebisha. Wauguzi wawili walifuta machozi.

Mwaka haukwisha, tangi likaanza kutoa jasho. Kwanza unyevu chini ya kitako, mdogo kama wa chungu kipya. Kisha matone. Kisha siku moja maji yakateremka kwenye nguzo za mnara kama mvua ya mtu mmoja, na kliniki ikakauka.

Bi Tangi hakutoa visingizio. Alilishusha tangi, akatengeneza jingine kwa gharama yake, kwa bati zito zaidi. La pili likafa mapema kuliko la kwanza.

Matroni alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke mpole mwenye mikono mikubwa, na upole wake ndio uliouma.

"Mama, mimi nakupenda, unajua. Lakini jana nimepokea mtoto huku mhudumu anakimbia na ndoo. Leo ndoo, kesho nini? Kamati imekaa. Wamesema tangi moja la mwisho. Likivuja, mnara huu anapewa jirani yako."

"Plastiki?"

"Sikutaja jina."

"Ana jina jingine?"

Matroni akacheka bila kutaka, kisha akarudisha uso wake. "La mwisho, mama. Nimekuombea hilo kwa shida."

Habari mbaya haihitaji nauli. Kabla ya juma kuisha, watu watatu waliokuwa wameagiza matangi walipita karakanani na sababu zao: mmoja amesafiri, ingawa amesimama pale, mmoja mkewe amekataa, mmoja hakusema kitu, alitazama tu chini. Ng'ambo ya barabara Plastiki alichora ubao mpya kwa rangi nyekundu: MATANGI YASIYOLIA MACHOZI. Watoto wakaupenda sana, wakawa wanaukariri kama shairi.

Nyumbani, mama mkwe alikoroga chai yake kwa kijiko cha marehemu, akasema akitazama ukuta, "Mikono ya mwanangu haikuvuja hata siku moja."

Bi Tangi alitoka nje. Alilia nyuma ya karakana, mahali anapowekea vipande vya bati. Kisha, kwa kuwa hakuweza kukaa karibu na bati bila kuligusa, akaligeuza lile tangi bovu, akaingiza kichwa ndani, akatafuta kosa lake. Akafuata mishono yote kwa ncha ya kidole. Mishono ilikuwa mizima. Ribiti zilikuwa nzima. Matundu yalikuwa katikati ya bati, pale palipo laini, mahali ambapo nyundo yake haikuwahi kufika. Na kuzunguka kila tundu palikuwa na kidoa chekundu, chembamba kama unga. Alidhani ni kutu. Lakini kutu aliijua, ina rangi ya udongo. Hii ilikuwa na wekundu mwingine.

"Ee Mungu," akasema ndani ya tangi, na tangi likamrudishia sauti. "Kama ni mimi, nionyeshe. Kama si mimi, nionyeshe pia."

Hapo inabidi kueleza jambo jingine. Tangu mume alipofariki, Bi Tangi alikuwa akienda masomo ya watu wazima ili amalize kidato cha nne, maana shule aliikatiza alipoolewa. Alasiri, akishafunga karakana, alikaa kwenye dawati la shule ya msingi lililombana magoti, katikati ya makarani na madereva ambao wangeweza kuwa watoto wake. Walimwita Bibi wa Darasa. Masomo mengine aliyamudu. Kemia ilimshinda. Alisema ni somo la vitu visivyoonekana vinavyofanya mambo yasiyosikika, na yeye ni mtu wa kugonga.

Mwalimu wa kemia alikuwa kijana mwembamba aliyependa somo lake mpaka akawa anaongea haraka. Wiki ile ile ya ubao mwekundu, aliingia na beseni la maji na chupa ndogo ya mafuta ya taa. Ndani ya mafuta kulikuwa na kipande cha kitu cha kijivu.

"Hii ni sodiamu," akasema. "Ni metali. Inakaa kwenye mafuta kwa sababu hewa na maji haviwezi kuiacha salama. Rudini nyuma. Bibi, nawe pia, usinichungulie."

Akakata chembe ndogo kwa kisu, laini kama siagi, akaitupa ndani ya beseni. Chembe ikageuka tone, ikakimbia juu ya maji huku ikilia kama mafuta yanayorushwa na kikaango, ikazunguka, ikapungua, ikaisha. Dereva mmoja akapiga makofi.

"Na dhahabu?" mwalimu akauliza, akavua pete yake, akaidumbukiza. Pete ikazama, ikatulia. "Nyote mnajua. Ingekaa humo mpaka wajukuu zangu. Sasa kati ya hizi mbili kuna foleni." Akaandika ubaoni kutoka juu kwenda chini: potasiamu, sodiamu, magnesiamu, zinki, chuma, shaba, fedha, dhahabu. "Walio juu ni wepesi kuingia kwenye mabadiliko. Walio chini ni wazito. Aliye juu akikutana na aliye chini, aliye juu ndiye anayeliwa."

Kisha akatoa bilauri ya maji ya buluu yaliyoyeyushiwa chumvi iitwayo mrututu, akatumbukiza msumari mpya wa chuma, akaendelea kufundisha. Kipindi kilipokaribia kwisha, akauvuta msumari kwa uzi.

Msumari ulikuwa umevaa koti jekundu.

Bi Tangi alisimama. Dawati likasimama naye, likining'inia magotini, na darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu! Huo wekundu ni nini?"

"Shaba, Bibi. Ilikuwa imejificha ndani ya maji. Buluu ile ni shaba."

"Shaba inaweza kujificha ndani ya maji?"

"Ndiyo."

"Ikaenda kukaa juu ya chuma?"

"Ikaenda kukaa juu ya chuma. Na chuma kikaingia majini mahali pake, kidogo kidogo."

Bi Tangi akajitoa kwenye dawati. Hakusubiri kengele. Alikwenda karakanani, akakata kwa mkasi kipande cha kitako cha tangi bovu, akarudi nacho darasani kikiwa kwenye mfuko wa unga. Makarani walikuwa wanatoka, mwalimu anafuta ubao. Akakiweka mezani.

Mwalimu alikitazama kwa muda. Akakwaruza kidoa kwa kisu, akakipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Mama," akasema, na hakuongea haraka tena. "Maji ya tangi hili yanapita wapi kabla ya kuingia?"

Alijua jibu. Alikuwa amelijua tangu msumari ulipotoka kwenye bilauri. Lakini kulitamka kulikuwa kama kung'oa jino.

"Kwenye bomba la shaba. La marehemu mume wangu."

"Na pale kliniki, koki zinapodondosha kwenye sinki, kuna madoa ya kijani?"

"Yapo. Matroni hunung'unika kila siku."

Kesho yake alimletea chupa ya maji ya kisima. Mwalimu akachovya kikaratasi chake, kikabadilika rangi kidogo: maji yalikuwa na uchachu mdogo ambao ulimi hauwezi kuuhisi. Akamweleza. Shaba ni nzito kutoa elektroni zake, lakini si kwamba haitoi kabisa. Maji ya namna ile yakilala ndani ya bomba, humega chembe. Chembe hizo zimekwisha kupoteza elektroni zao, nazo zikifika ndani ya tangi zinakutana na zinki, ambayo ni nyepesi kutoa, kisha chuma kilicho chini yake. Zinachukua elektroni hapo, zinatulia, zinakuwa shaba tena, kidoa chekundu. Na kila kidoa kinaendelea kula bati linalokizunguka.

"Kwa nini zinki ni mwepesi na shaba ni mzito?" Bi Tangi akauliza. "Nani kawapangia?"

Mwalimu akachora duara ubaoni. "Kila atomi ina kiini katikati, na kiini kinavuta. Elektroni zimekaa kukizunguka, safu kwa safu. Sodiamu ina elektroni moja tu safu ya nje, imekaa peke yake. Potasiamu hivyo hivyo, ila yake iko safu moja mbali zaidi, kwa hiyo ni nyepesi kupita hata sodiamu. Ile iliyo mbali, yenye wenzake wengi mbele yake, kiini kinaishika kwa ulegevu. Kuna gesi nyingine ambazo safu ya nje imejaa, hazitoi wala hazipokei, hazina shida na mtu. Kwa zinki na shaba hesabu ina mikono mingi zaidi, sitakudanganya. Unapima pia jinsi atomi zilivyoshikamana, na jinsi maji yanavyozipokea. Ila mwisho wa hesabu ni huo: zinki huachia kabla ya chuma, chuma kabla ya shaba."

"Ndiyo maana bati la zinki likikwaruzwa halishiki kutu upesi," akasema polepole. Jambo hilo alikuwa akiliona tangu siku ya "Shika hapo", bila kujua sababu. "Zinki inatangulia kuliwa, ili chuma kisiliwe."

"Umepata swali la kwanza la mtihani, Bibi."

Lakini mtihani wake ulikuwa nyumbani, umekaa jikoni kwenye kigoda, unapuliza jiko la mkaa.

"Mama," akaanza, "lile bomba la shaba inabidi litoke pale lilipo."

Kikongwe hakugeuka. "Bomba la nani?"

"La fundi."

"Sema la mwanangu. Umemzika, umekalia karakana yake, umechukua nyundo yake. Sasa unataka kuling'oa la mwisho. Matangi yako yakivuja, wa kulaumiwa ni maiti?"

"Mama, silaumu mtu. Bomba nililiweka mimi. Na bomba halina kosa, halina hata tundu. Nisikilize kidogo."

"Nasikiliza. Masikio ndiyo yaliyobaki, meno yamekwenda."

Bi Tangi akatazama huku na huku atafute la kusema, akaona jiko.

"Tuseme ni siku ya baridi, watu wamezunguka jiko hili. Wa kwanza wamelikaribia. Nyuma yao safu nyingine. Nyuma kabisa kuna mmoja peke yake. Moto ni ule ule. Nani atakuwa wa kwanza kuinuka aende zake?"

"Huyo wa nyuma. Migongo ya wenzake imemzibia joto. Hata mtoto anajua."

"Basi kila metali ina jiko lake katikati. Nyingine watu wao wa nje wanashikwa na joto barabara, hawaondoki. Hiyo ni shaba. Nyingine wa nje hana joto la kutosha, akiitwa tu, huyo, ameinuka. Hiyo ni zinki. Sasa mimi nimempitisha aliye mzito mbele ya aliye mwepesi, maji yakawa yanamletea mwepesi vibarua wa shaba, wakimwita atoe, atoe, mpaka bati likatoboka."

Kikongwe akapuliza jiko. Cheche zikaruka.

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa shaba."

"Mama, mimi nazungumzia bomba."

"Na mimi nazungumzia mwanangu. Alikuwa mzito kutoa, yule. Maneno hayatoki, senti haitoki. Ulimpikia miaka yote hiyo, akasema nini?"

"Alisema 'Haya.'"

"'Haya!'" Kikongwe akacheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikageuka, akaficha uso kwa upindo wa nguo. Bi Tangi akasogeza kigoda chake karibu. Walikaa hivyo mpaka maji ya chai yakachemka na kumwagikia mkaa.

"Utalitupa?" kikongwe akauliza hatimaye.

"Silitupi, mama. Nalihamisha. Likikaa baada ya tangi, maji yanatoka kwenye zinki yanakwenda kwenye shaba, hayarudi. Pale halimdhuru mtu. Litapita ukutani mpaka kwenye sinki la chumba cha kujifungulia. Mtoto ataogeshwa kwa maji yanayotoka moja kwa moja mkononi mwa mwanao. Zamani yalikuwa yanapitia tangini kwanza."

Kikongwe alilipima hilo. "Kumbe ni karibu zaidi."

"Karibu zaidi."

"Sasa ulikuwa unaniliza kwa nini?"

Kamati ya kliniki ilikutana kivulini mwa mnara, na Plastiki alikuwepo, maana alialikwa kuja kupima mahali pa tangi lake. Bi Tangi alikuja na kipande cha bati, msumari wenye koti jekundu, na mwalimu aliyekuja kwa hiari yake. Mwalimu alikuwa tayari kuzungumza. Bi Tangi akamwomba akae.

"Matangi yalivuja," akasema, "na kilichoyavujisha ni zawadi yangu mwenyewe. Niliwapa kilicho bora kuliko vyote nyumbani mwangu, nikakiweka mahali pasipo pake." Akawaonyesha msumari, akawaonyesha vidoa, akaeleza jiko na watu wa nje. Mzee mmoja wa kamati, mhasibu mstaafu, aliomba aelezwe mara ya pili, kisha akamweleza jirani yake vizuri kuliko alivyoelezwa.

"Kwa hiyo unataka nini?" Matroni akauliza.

"Tangi la tatu mlilonipa. Na bomba jipya la kuingizia maji, lisilo na ugomvi na zinki." Akageuka. "Plastiki, unauza mabomba ya plastiki?"

Watu wakatazamana.

"Nauza."

"Nipimie kutoka kwenye pampu mpaka juu ya mnara. Na kiungo kimoja cha plastiki, nitakiweka kati ya tangi na shaba, wasigusane hao wawili."

"Bi Tangi, umekuja kunipokonya mnara, na unataka nikuuzie kamba ya kuniburutia?"

"Nipunguzie na bei, basi."

Hata mhasibu alicheka. Plastiki naye, Mungu ambariki, akacheka, akaenda akaleta bomba mwenyewe begani.

Tangi la tatu alilitengeneza akiimba nyimbo za ibada. Kabla ya kulipandisha aliweka viganja vyote viwili juu ya kitako chake, akaomba kwa sauti, "Bwana, mishono ni yangu, tabia za vitu ni zako. Nimeshajifunza yako kidogo. Nilindie zangu." Shaba ikahamia ukutani mwa chumba cha kujifungulia, ikasuguliwa na mama mkwe mpaka muuguzi akaweza kujitazama.

Kisha wakangoja. Masika yakaja, yakaenda. Muda ambao tangi la kwanza lilidumu kabla ya kutoa jasho ukapita. Muda wa la pili ulikuwa umepita zamani. Bi Tangi alikwenda kila juma akapitisha kiganja chini ya kitako, kiganja kikarudi kikavu, naye hakusema kitu. Alikuwa amejifunza kunyamaza kwa mumewe. Katikati ya kungoja huko alifanya mtihani wa kidato cha nne. Swali la foleni ya metali lilikuwepo. Alisema alilijibu akitabasamu mpaka msimamizi akaja kuangalia kama hana karatasi ya siri.

Kamati ilitaka kuona ndani. Asubuhi moja yenye jua tangi likamwagwa, ngazi ikasimamishwa. Chini walisimama Matroni, mwalimu, mhasibu, wauguzi na akina mama wenye watoto mgongoni. Plastiki alishika ngazi, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuishika. Mama mkwe aliletwa na kigoda chake. Bi Tangi akapanda, akafungua kifuniko, akaingiza kichwa na tochi.

Akakaa humo muda mrefu.

"Kuna nini?" mama mkwe akapaza sauti. "Wewe! Kuna nini huko?"

Sauti ikatoka ndani ya tangi, kubwa, yenye mwangwi, kama ya mtu anayehubiri kisimani.

"Hakuna kitu!"

"Unasema?"

"Hakuna kitu, mama! Kijivu kitupu! Hakuna kidoa! Hakuna kitu!"

Matroni alirusha mikono yake mikubwa juu. Akina mama wakashangilia, watoto wakaamka wakilia, na mwalimu akawa anamweleza mhasibu jambo ambalo hakuna aliyemsikia. Mhasibu alipanda naye akatazama, akashuka na vumbi la kijivu kwenye pua, akasema wazi mbele ya wote kwamba mnara ni wa Bi Tangi, na shule mbili anazozifahamu zina matangi yanayovuja ambayo inafaa mtu akayaangalie mabomba yake. Plastiki akasema yuko tayari kuuza mabomba hayo.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, kemia ndiyo iliyoongoza. Aliibandika karakanani karatasi ya matokeo, juu ya nyundo ya marehemu. Ubao mwekundu wa ng'ambo ya barabara ulifutwa na mwenye nao. Na mnara wa kliniki bado una tangi lile. Siku tuliyomzika, maji ya msiba yalitoka huko, na Plastiki, mzee sasa, ndiye aliyebeba ndoo ya kwanza.

Lakini Bi Tangi kila mara aliimaliza hadithi pale chini ya ngazi, siku ya jua lile. Alishuka akiwa amelowa jasho, nywele zina utando wa buibui. Watu walimvuta huku na huku. Akawapenya, akaenda mpaka kwenye kigoda, akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake na kungoja.

Kikongwe alilitazama tangi kule juu. Akalitazama bomba la shaba, jinsi lilivyotoka chini ya mnara likaingia ukutani. Akamtazama mkwe wake, akampangusa buibui kwa upindo wa nguo.

"Haya," akasema.